Mabuu Hai wa Nzi Askari Mweusi kama Chakula cha Mjusi Mwenye Ndevu: Tathmini

Kati ya wadudu wote wanaouzwa wakiwa hai kwa ajili ya kulisha mjusi mwenye ndevu, mabuu wa nzi askari mweusi ndio ninaowapa nafasi ya kwanza kwa mjusi anayekua. Tathmini hii inaeleza kwa nini nimefikia uamuzi huo, ni wapi mabuu hawa wanapungukiwa, na ni mambo gani ambayo wauzaji wanapaswa kuyarekebisha kabla bidhaa yao haijastahili sifa kamili. Ninaowazungumzia ni mabuu wanaouzwa katika vikombe vya plastiki vyenye mfuniko uliotobolewa matundu madogo, wakiwa wamechanganywa na pumba au unga laini wenye unyevu kidogo, na kupangwa kwa ukubwa kuanzia wale wa milimita chache hadi wale wanaokaribia sentimita 2. Wafugaji wengine huwatoa mara moja moja tu kama kitafunio. Mimi ninawapima kama chakula cha kila siku, kwa kuwa hicho ndicho kipimo kigumu zaidi na ndicho kinachoamua afya ya mnyama.

Mjusi huyu, ambaye wanasayansi humwita Pogona vitticeps, asili yake ni nyanda kame za ndani ya Australia, ambako hula kila anachokikuta: mchwa, panzi, mbawakawa, nyenje, maua na majani. Australia haijaruhusu biashara ya kusafirisha wanyamapori wake nje ya nchi kwa miongo mingi, na kwa hiyo mijusi wanaopatikana madukani ni wazao wa vizazi vingi vilivyozaliwa katika ufugaji. Hata hivyo mwili wake haujabadilika. Bado unadai mchanganyiko ule ule wa vyakula na jua lile lile kali, ilhali ndani ya tangi la kioo hana uwezo wa kujichagulia chochote. Anakula anachowekewa, na mwenye kumwekea akikosea kwa miezi kadhaa mfululizo, mifupa ndiyo inayolipa.

Hapo ndipo penye kiini cha suala lote la wadudu. Wadudu wengi wanaouzwa kama chakula wana protini ya kutosha na mafuta ya kutosha, lakini wana kalsiamu kidogo mno ikilinganishwa na fosforasi. Mwili wa mjusi unahitaji kalsiamu izidi fosforasi, na uwiano unaotajwa kuwa bora ni sehemu 2 za kalsiamu kwa sehemu 1 ya fosforasi. Nyenje wa kawaida, ambaye ndiye mdudu anayelishwa zaidi, ana takriban miligramu 400 za kalsiamu katika kila kilo moja ya uzito wake akiwa hai, dhidi ya miligramu zipatazo 2,950 za fosforasi, yaani 1 kwa 7. Mabuu wa mbawakawa wa unga wana hali mbaya zaidi, kwa sababu wanakaribia 1 kwa 17. Kalsiamu inapokosekana kwenye chakula, mwili huichota kutoka kwenye mifupa ili misuli na moyo viendelee kufanya kazi. Taya la chini huanza kulegea hadi likibonyezwa linabonyea, miguu hupinda, vidole hutetemeka, na mjusi mchanga anaweza kuvunjika mfupa kwa kuruka tu kutoka juu ya gogo lake. Ugonjwa huu wa kulegea kwa mifupa ni miongoni mwa magonjwa yanayowapeleka mijusi wengi kwa daktari wa wanyama, na inauma kumwona mnyama katika hali hiyo kwa sababu karibu kila mara ungeweza kuzuilika.

Tiba iliyozoeleka ni unga wa kalsiamu. Mfugaji huweka nyenje kwenye mfuko pamoja na unga huo, huutikisa, kisha huwamwaga ndani ya tangi wakiwa weupe. Njia hii inafanya kazi, nami sitaki kumkatisha tamaa anayeitumia, lakini anayekaa na kutazama kwa makini ataona udhaifu wake. Mara tu nyenje anapotua kwenye sakafu ya tangi, huanza kujisafisha, akivuta papasi zake moja baada ya nyingine kupitia mdomoni na kusugua miguu, na unga unadondoka. Mjusi huwakamata wawili au watatu wa kwanza wakiwa bado na unga mwingi. Wanaobaki hukimbilia chini ya gogo, na wanapotoka baadaye wamekwisha kurudia rangi yao ya kahawia. Kiasi cha kalsiamu kilichoingia mwilini mwa mjusi siku hiyo hakijulikani, na kwa mnyama anayekua kwa kasi, chakula chenye kiasi kisichojulikana ni chakula cha kubahatisha.

Mabuu wa nzi askari mweusi wameondoa sehemu kubwa ya kubahatisha huko, kwa kuwa kalsiamu wanayo ndani ya miili yao. Buu huyu, ambaye ni mtoto wa nzi aitwaye Hermetia illucens, hujijengea ngozi yenye kalsiamu kaboneti, na vipimo vilivyofanywa kwa mabuu wanaouzwa kama chakula cha wanyama vimeonyesha takriban miligramu 9,340 za kalsiamu kwa kilo moja dhidi ya miligramu 3,560 za fosforasi. Hiyo ni zaidi ya 2.5 kwa 1, na kalsiamu yenyewe inazidi ile ya nyenje kwa zaidi ya mara 20. Kalsiamu hiyo haipanguswi wala haidondoki. Ni kweli kwamba kiasi chake hutegemea walichokula mabuu wenyewe, na shamba linalowalisha vyakula duni litatoa mabuu duni. Lakini hata tukiacha nafasi ya tofauti hizo, hakuna mdudu mwingine wa kawaida sokoni anayewakaribia bila kupakwa unga.

Ukimweka buu mmoja kiganjani, utaona mwili wa pingili uliobapa kidogo, wenye rangi ya krimu, na kichwa kidogo cheusi kilichochongoka ambacho hukitoa na kukirudisha ndani anapojisukuma mbele. Ngozi yake ni ngumu kuliko inavyoonekana, na ugumu huo ndio faida yake na ndio kasoro yake kubwa. Mjusi akimtafuna sawasawa, ngozi hupasuka na kila kilichomo huweza kumeng'enywa. Akimmeza mzima, anaweza kumpitisha tumboni na kumtoa upande wa pili karibu jinsi alivyoingia. Jambo hili lilijitokeza waziwazi katika utafiti uliofanywa kwa vyura, ambao humeza chakula bila kutafuna: walipopewa mabuu wazima waliweza kufyonza chini ya nusu ya kalsiamu, na walipopewa mabuu waliopondwa, ufyonzaji uliongezeka takriban mara mbili. Mjusi mwenye ndevu si chura, kwa bahati njema. Huinamisha kichwa, humtazama buu kwa jicho moja na kisha jingine, hutoa ulimi mnene unaonata, na baada ya hapo taya hufunga mara kadhaa upande mmoja wa mdomo hadi sauti ndogo ya kupasuka isikike. Sauti hiyo ndiyo ninayoisikiliza ninapotathmini kama ukubwa wa mabuu unafaa.

Kuhusu ukubwa, kanuni inayotumika kwa wadudu wote ni kwamba mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya mjusi. Kwa mabuu hawa ninaongeza tahadhari ya upande wa pili: wasiwe wadogo kupita kiasi. Mjusi mkubwa akipewa mabuu wadogo, huwalamba wawili watatu kwa pamoja na kuwameza bila kuwatafuna, na mfugaji atawaona tena kwenye kinyesi. Dawa yake ni kununua ukubwa unaolingana na mdomo wa mnyama, na pale anapoonekana mwenye pupa ya kumeza, kuwatoboa mabuu kwa ncha ya sindano safi kabla ya kuwaweka kwenye bakuli. Kazi hiyo inachosha ikiwa mabuu ni wengi, na ninaitaja kama upungufu halisi wa bidhaa, hasa kwa watu wenye mijusi zaidi ya mmoja.

Katika namna ya kulisha, hata hivyo, mabuu hawa ni rahisi kuliko nyenje kwa kiasi ambacho mtu hawezi kukithamini mpaka ajaribu vyote viwili. Bakuli la chini lenye kuta laini linatosha. Mabuu hujikunja na kujinyoosha ndani yake bila kukoma, na mjusi hukamata shabaha kwa kuona mwendo, kwa hiyo hata mnyama mwenye hamu ndogo huvutwa na mchezo huo. Bakuli lazima liwe kavu kabisa, kwa sababu buu mwenye unyevu hunata kwenye ukuta, na kabla hujageuka atakuwa amepanda, amevuka na kujichimbia kwenye mchanga au chini ya mkeka wa tangi. Wakiwa wakavu hukaa mahali pamoja hadi waliwe, nawe unaweza kuhesabu waliobaki na kujua mjusi amekula kiasi gani.

Nyenje wao hukimbia, hujificha, hulia usiku, na waliosahaulika ndani ya tangi wanaweza kumng'ata mjusi aliyelala, hasa kwenye vidole, mkiani na pembeni mwa macho. Kila nyenje aliyebaki baada ya mlo anapaswa kutolewa, na kuwatafuta wote si jambo jepesi. Wana sifa moja ambayo mabuu hawana, nayo ni kumfanya mjusi awinde. Mnyama anayefukuza nyenje kutoka kona moja ya tangi hadi nyingine anapata mazoezi ya misuli na ya akili, na mijusi wanaolishwa kwenye bakuli pekee huzoea kukaa mahali pamoja wakisubiri. Kwa sababu hiyo sipendekezi nyenje waondolewe kabisa. Ninapendekeza wapewe mara chache kwa wiki, wachache kwa wakati mmoja, wakiwa wamepakwa unga na wakiwa wameshibishwa majani na mboga zenye lishe kwa saa 24 hadi 48 kabla ya kuliwa, maana mdudu mwenye njaa ni ganda tupu.

Mafuta ni suala linalohitaji kusemwa bila kuzungushwa. Buu wa nzi askari mweusi ana takriban asilimia 14 ya mafuta, mara mbili ya nyenje mwenye asilimia 7 hivi, na protini yake ya asilimia 17 hadi 18 iko chini kidogo ya ile ya nyenje. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni asidi ya lauriki, ile ile iliyojaa kwenye mafuta ya nazi. Kwa mjusi mchanga anayeongezeka uzito kila wiki, kiwango hiki hakina tatizo, kwani nishati anaihitaji. Kwa mjusi mzima aliyemaliza kukua, kulisha mabuu kila siku ni njia ya haraka ya kumnenepesha, na unene kwa mijusi hawa huishia kwenye ini lililojaa mafuta. Mjusi mchanga hula wadudu kama sehemu kubwa ya chakula chake, mara 2 au 3 kwa siku, kiasi anachoweza kumaliza ndani ya dakika 10 hadi 15. Anapokomaa mpangilio hugeuka, majani yakawa sehemu kubwa na wadudu wakabaki mara 2 au 3 kwa wiki. Wauzaji wengi huandika kwenye kikombe kwamba bidhaa inafaa kwa mijusi wa rika zote bila kueleza tofauti hiyo, nami naona huko ni kumnyima mnunuzi habari anayoihitaji kuliko nyingine zote.

Uhifadhi ni eneo ambalo bidhaa hii inapata alama za juu, ilimradi mnunuzi aelewe joto. Mabuu hawahitaji kulishwa wala kunyweshwa katika muda ambao mfugaji wa kawaida huwahifadhi. Wakiwekwa mahali penye nyuzijoto 10 hadi 15 za Selsiasi, hupunguza mwendo na kukaa karibu katika hali waliyonunuliwa nayo kwa wiki kadhaa, lakini ndani ya jokofu lenye baridi kali wengi hufa. Kwenye joto la kawaida la nyumba huendelea kukua, ngozi hugeuka kahawia kisha nyeusi, hatimaye huacha kusogea na kuwa pupa, yaani hatua ya kati kabla ya kuwa nzi. Wale weusi wana kalsiamu nyingi, lakini ngozi yao imekuwa ngumu zaidi, mwendo wao umepungua, na mijusi wengi huwakataa. Wakifikia kuwa nzi bado hawajapotea bure. Nzi askari mweusi mzima haumi, haishi muda mrefu, na huruka kivivu, kwa hiyo ukimwachilia ndani ya tangi lililofungwa vizuri mjusi atamfukuza kwa bidii ambayo hataionyesha mbele ya bakuli.

Lalamiko langu kubwa linahusu usafirishaji na upakiaji. Nimewahi kupokea kutoka kwa muuzaji mmoja kikombe ambacho kilipofunguliwa kilitoa harufu kali ya amonia, pumba zikiwa zimelowa na kushikana, theluthi ya mabuu wakiwa wamekwisha kuwa weusi na wengine wamekufa chini kabisa. Tarehe ya kupakiwa haikuandikwa popote. Kikombe kizuri hutambulika kabla ya kulisha hata buu mmoja: pumba ni kavu kiasi cha kumwagika zinapoinamishwa, harufu ni ya udongo au nafaka, mabuu wengi ni wa rangi ya krimu, na wanapoguswa hujikunja mara moja. Kikombe chenye maji kwenye kuta za ndani kimekaa kwenye joto. Muuzaji anayejali angeandika tarehe ya kupakia, ukubwa wa mabuu kwa milimita badala ya maneno kama "wadogo" na "wakubwa", na walichokula mabuu shambani, kwa maana lishe yao ndiyo inayoingia kwenye mifupa ya mjusi. Mambo hayo matatu ni nadra kuyakuta yote kwenye lebo moja, na kwa bidhaa inayouzwa kwa sifa ya kalsiamu yake, kukosekana kwa taarifa za lishe ni upungufu usio na udhuru.

Mshindani wa kweli wa mabuu hawa ni mende wa dubia. Mende huyu, Blaptica dubia, hapandi kioo kilaini, hatoi sauti, hana harufu inayosumbua akitunzwa kwa usafi, na ana nyama nyingi ikilinganishwa na ganda lake. Huzaa watoto hai, kwa hiyo mfugaji mwenye nafasi na uvumilivu anaweza kuanzisha kundi lake na asinunue wadudu tena. Uwiano wake wa kalsiamu bado unahitaji unga, na katika baadhi ya nchi na majimbo hairuhusiwi kumfuga wala kumwingiza, jambo ambalo mnunuzi anapaswa kulithibitisha kabla ya kuagiza. Kwa mjusi mkubwa ninaweza kusema dubia ni bora kuliko mabuu, kwa kuwa anampa mdomo mkubwa kitu cha kutafuna na hana mafuta mengi kiasi hicho. Kwa mjusi mchanga bado mabuu wanamshinda.

Viwavi wa hariri ni laini, wana mafuta kidogo na maji mengi, na ni chakula kizuri mno kwa mgonjwa anayepona, ila hula majani ya mforsadi au chakula maalumu kilichotengenezwa kwa majani hayo, na hufa upesi wakitunzwa vibaya. Viwavi wa kijani wenye pembe, waliolelewa kwa chakula safi, wana maji mengi zaidi na humsaidia mjusi aliyepungukiwa maji. Viwavi hao hao wakiokotwa kwenye mimea ya tumbaku au nyanya huwa na sumu ya mimea hiyo. Viwavi wa nondo wa nta wana mafuta yanayofikia robo ya uzito wao, na mjusi akishawazoea hukataa vingine vyote. Hawa wabaki kuwa zawadi ya nadra.

Wadudu waliookotwa nje siwapi alama yoyote, hata wakionekana wanono. Huwezi kujua wamepita kwenye dawa gani ya kuulia wadudu wala wamebeba vimelea gani. Miongoni mwao yuko kimulimuli, ambaye katika baadhi ya jamii zake ana sumu inayoshambulia moyo. Mmoja tu ametosha kumuua mjusi mwenye ndevu mzima, naye mjusi hana silika ya kumkwepa kwa sababu katika ardhi ya asili yake hakukutana na mdudu wa namna hiyo. Tafadhali, mtoto wa nyumba akikuletea kimulimuli kwenye chupa kwa nia njema, mweleze jambo hili kabla hajafika kwenye tangi.

Mabuu waliokaushwa huuzwa kando ya hawa walio hai, na lebo zao hutumia sifa zile zile za kalsiamu. Kalsiamu imo kweli, lakini maji yametoka, na mjusi ni mnyama anayepata sehemu kubwa ya maji yake kutoka kwenye chakula. Kwa kuwa hawasogei, mijusi wengi hawawatambui kuwa chakula. Ninawaona kuwa akiba ya siku ambayo kikombe kimechelewa kufika, walowekwe kwenye maji ya uvuguvugu kwanza na kuchanganywa na majani, wala wasifanywe mlo wa kawaida.

Kuna mambo ambayo hata kikombe bora kabisa cha mabuu hakiwezi kuyafanya, na mnunuzi asidanganywe na maandishi ya kuvutia. Kalsiamu iliyo tumboni haiwezi kuingia kwenye damu kwa kiasi cha kutosha bila vitamini D3, na vitamini hiyo mjusi huitengeneza ngozini kwa msaada wa mionzi ya urujuanimno ya aina ya UVB. Mionzi hiyo haipiti kwenye kioo cha dirisha, na taa inayoitoa hudhoofika kabla mwanga wake unaoonekana haujapungua, ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12 kulingana na aina. Joto nalo ni sehemu ya mmeng'enyo. Mahali pa kuotea panapaswa kufikia nyuzijoto 38 hadi 42 za Selsiasi, na mjusi apewe muda wa kupata joto kabla ya kula na saa kadhaa za joto baada ya kula, kwa maana mabuu waliolala kwenye tumbo lililopoa huchacha badala ya kusagwa. Mabuu hawa pia hawana vitamini A ya kutosha, kama walivyo wadudu wengine. Kwa hiyo unga wa vitamini mchanganyiko bado una nafasi yake mara kwa mara, kwa kipimo kidogo, kwani vitamini A na D3 zikizidi hugeuka sumu. Kinachoweza kupunguzwa ni ule unga wa kalsiamu wa kila mlo, katika siku ambazo mlo ni mabuu.

Na majani hayana mbadala. Mjusi mchanga anayeshibishwa mabuu tu atayakataa majani atakapokomaa, ilhali huo ndio wakati anapoyahitaji zaidi. Njia inayofaa ni kuweka majani yaliyokatwa vipande vidogo asubuhi kabla ya wadudu, na kuwatupia mabuu wachache juu yake ili mjusi anapomlenga buu apate na kipande cha jani mdomoni. Mabuu hufanya kazi hii vizuri kuliko nyenje, kwa sababu hawakimbii. Spinachi iepukwe kama jani la kila siku, kwa kuwa ina oksaleti zinazoikamata kalsiamu na kuizuia isifyonzwe, na hapo faida yote ya mabuu inapotea kwenye bakuli moja.

Kundi la mwisho ninalolipendekezea bidhaa hii kwa uzito ule ule kama mijusi wachanga ni majike wanaotaga. Jike mwenye ndevu anaweza kutaga mayai yasiyo na mbegu hata kama hajawahi kukutana na dume, na kundi moja la mayai mara nyingi huwa 15 hadi 30, kila moja likidai kalsiamu kutoka mwilini mwake. Katika wiki anazobeba mayai, na katika wiki zinazofuata anapojenga upya akiba yake, sheria ya mara 2 au 3 kwa wiki haimhusu. Apewe mabuu wa ukubwa wa kati kila siku anapokubali kula, awekewe chombo cha mchanga wenye unyevu cha kuchimbia, na akikaa siku kadhaa akichimba bila kutaga huku akiwa mnyonge, apelekwe kwa daktari wa wanyama bila kungoja, kwa sababu mayai yaliyokwama ni dharura ambayo chakula hakiwezi kuitatua.